Daktari Anajibu: Mimba na Dawa za Kuzuia Damu Kuganda

Barua nne tunazochapisha hapa zimetoka kwenye reli moja, mbili Kigoma na mbili Tabora, na kwa kuwa zote zinahusu wajawazito au wazazi wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, tumeona zijibiwe pamoja. Majina hayatajwi. Kabla ya kuendelea niseme neno kuhusu jina la dawa zenyewe. Wengi wetu huziita dawa za kuyeyusha damu, au za kuifanya damu iwe nyepesi, na jina hilo linapotosha, kwa maana damu ya anayezitumia haiwi nyepesi wala haipungui. Inachelewa tu kuganda. Bonge lililokwisha kuganda huyeyushwa na mwili wenyewe polepole, na kazi ya dawa ni kulizuia lisikue wakati mwili unaendelea na kazi hiyo.

Nimeacha dawa kwa sababu ya mimba. Nimefanya vizuri?

*Daktari, mimi ni mwanamke wa miaka 27, mkazi wa Ujiji. Miaka mitano iliyopita nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam nikawekewa mlango wa moyo wa chuma, na tangu hapo nameza wafarini miligramu 4 kila jioni. Mwezi huu sikuona siku zangu. Nilinunua kipimo cha mkojo dukani, mistari ikawa miwili. Jirani yangu ameniambia kuwa wafarini ni sumu ya panya na kwamba itamuua mtoto tumboni. Kwa hofu nimeacha kuimeza, na leo ni siku ya nne. Mume wangu anaifurahia mimba hii mno, na habari za dawa sijamgusia. Je, nimefanya vizuri?*

Dada yangu, barua yako ilipofika hatukungoja toleo hili litoke. Tulikupigia simu siku ileile, na tunashukuru kwamba jioni hiyo ulikwenda hospitali. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine walioshika kipimo chenye mistari miwili huku kichupa cha wafarini kikiwa kabatini.

Kwa mwenye mlango wa chuma, kuacha dawa ghafla pasipo kuweka nyingine mahali pake ni hatari kubwa kuliko kuendelea kuimeza kwa siku moja au mbili hadi amwone daktari. Wafarini haitoki mwilini kwa siku moja. Nguvu yake hupungua kidogo kidogo, na ifikapo siku ya tano huwa karibu imekwisha, hivyo siku uliyotuandikia ndiyo siku ambayo ulinzi wako ulikuwa unaondoka. Mlango wa chuma ni kitu kigeni ndani ya moyo, na damu inayoupitia bila dawa huelekea kuganda juu yake. Mimba nayo huzidisha tabia hiyo, kwa sababu mwili wa mjamzito hujiandaa mapema ili damu nyingi isimwagike siku ya kujifungua. Bonge likikaa kwenye bawaba za mlango, mlango hukwama na mapafu hujaa maji. Na kipande kikichomoka kikapanda kichwani, mama hupooza upande mmoja au hupoteza kauli.

Wenye milango ya chuma wanaujua mlio wake, ule wa tik-tik kama saa ya ukutani, ambao usiku kukiwa kimya hata mume aliyelala kando huusikia. Mlio huo ukififia au ukibadilika, au wewe mwenyewe ukianza kuhema baada ya hatua chache ambazo jana ulizitembea bila shida, usingoje kupambazuke. Hilo ni la hospitali usiku huohuo.

Sasa tuje kwa jirani, ambaye kwa kweli hakusema uongo. Alichokosa ni nusu ya pili ya habari. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Marekani ya Kaskazini waliona ng'ombe waliolishwa majani makavu ya klova yaliyoota ukungu wakivuja damu hadi kufa. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mkemia Karl Paul Link ndama jike aliyekufa pamoja na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda, na utafiti ulioanzia hapo ukazaa wafarini. Mwaka 1948 iliingia sokoni kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa matibabu ya binadamu. Kinachotenganisha sumu na dawa hapa ni kipimo, na ndiyo sababu kila anayeitumia hupimwa ile INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, ambayo kwa mwenye mlango wa mitrali (mmoja wa milango ya upande wa kushoto wa moyo) wa chuma kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini damu huganda, ikiwa juu mno damu huvuja, na mjamzito hana budi kuipima mara nyingi zaidi kuliko alivyozoea, ikiwezekana kila wiki.

Hofu yako kwa mtoto ina msingi. Wafarini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu umbo lake, hasa pua, ambayo hubonyea, na ncha za mifupa, ambazo hushindwa kukua sawasawa. Huongeza pia uwezekano wa mimba kuharibika, na baada ya wiki ya 12 hatari haiishi kabisa, kwa kuwa damu ya mtoto nayo inachelewa kuganda na anaweza kuvujia ndani ya ubongo. Wiki hizo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu ulipoitambua mimba. Kwa tarehe uliyotupa kwenye simu ulikuwa katika wiki ya 5, na hiyo ni bahati ambayo wengi hawaipati, kwani wengi hufika kliniki mimba ikiwa ya miezi minne na uamuzi wa wiki za mwanzo umekwisha kufanywa na kalenda.

Basi njia ziko mbili, na zote mbili hupitiwa pamoja na daktari wa moyo au wa magonjwa ya ndani na daktari wa wanawake. Ya kwanza ni kuhamia sindano za heparini katika wiki hizo za 6 hadi 12. Heparini haipiti kwenye kondo kwa sababu molekuli zake ni kubwa, kwa hiyo mtoto husalimika. Lakini kwa mlango wa chuma haizuii kuganda kwa uhakika uleule wa wafarini, na haitoshi kuchoma kipimo kimoja cha kudumu ukaenda zako. Lazima ichomwe mara mbili kwa siku kwa kufuata uzito, na nguvu yake ipimwe kwenye maabara kwa kipimo maalumu ambacho hakipatikani kila hospitali. Ya pili ni kubaki kwenye wafarini, ikiwa dozi inayotosha kuiweka INR mahali pake haizidi miligramu 5 kwa siku, kwani kwa dozi hiyo hatari ya kumharibu mtoto ni ndogo, ingawa si sifuri. Wewe unatumia miligramu 4, kwa hiyo njia hii iko wazi kwako. Daktari atakueleza hatari ya kila upande, na uamuzi ni wako na wa mumeo. Mimi binafsi, kwa mama anayeishi Ujiji, ambaye kipimo cha kufuatilia heparini kiko mbali naye, ningekuwa mzito kumtenga na wafarini kwa wiki zote hizo pasipo uhakika wa kumfuatilia; lakini daktari aliyekupima ana habari ambazo mimi sina.

Njia yoyote mtakayoichagua, baada ya wiki ya 12 wengi hurudi kwenye wafarini, na ifikapo wiki ya 36 huiacha tena na kuingia kwenye heparini, safari hii ili mtoto asizaliwe damu yake ikiwa haigandi. Kila kuhama kati ya dawa hizi mbili kufanyike kwa tarehe iliyoandikwa, ya pili ikianza kabla ulinzi wa ya kwanza haujaisha. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni inaweza kuanza kazi hii ikiwasiliana na waliokufanyia upasuaji, nawe ukiulizwa kuhusu safari ya kwenda kujifungulia Dar es Salaam usikatae haraka kwa sababu ya umbali. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, hivyo safari hiyo ipangwe mimba ikiwa bado changa kiasi, si wiki ya 38, na njiani usimame na kunyoosha miguu kila baada ya saa moja au mbili. Na mume wako mwambie leo. Ndiye atakayeusikia mlio wa mlango ukififia nawe umelala.

Tumbo la mke wangu limejaa weusi, nimpunguzie sindano?

*Mwangaluka, daktari. Mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo. Uzazi uliopita, siku ya kumi baada ya kujifungua, mguu wa kushoto wa mke wangu ulivimba ikaonekana damu imeganda kwenye mshipa. Sasa ana mimba ya miezi sita, na katika mwezi wa nne mguu uleule ulivimba tena. Hospitali walimpa sindano za enoksaparini, anajichoma tumboni asubuhi na jioni. Tumbo lote lina weusi kama mtu aliyepigwa, hata majirani wameanza kuniangalia vibaya. Juzi alipopiga mswaki fizi zilitoka damu. Nyumba yetu ni ya bati, friji hatuna, sindano zimebaki za wiki moja tu, na mfukoni hakuna kitu hadi tumbaku iuzwe. Naomba ushauri: achome mara moja kwa siku ili damu isitoke na sindano zifike mbali?*

Mwangaluka, ndugu yangu. Asipunguze. Enoksaparini, ambayo ni aina ya heparini, hufanya kazi kwa saa kadhaa tu, na mwenye bonge kwenye mshipa aliyepangiwa dozi ya kutibu mara mbili kwa siku, akichoma mara moja, hubaki bila ulinzi sehemu kubwa ya usiku au ya mchana. Bonge la mguuni likipata nafasi hiyo hukua, na likikatika huenda kwenye mapafu. Kipimo chake hufuata uzito, miligramu 1 kwa kila kilo katika kila sindano, kwa hiyo badala ya kupunguza ni vema apimwe uzito upya, kwani uzito wa miezi sita si ule wa miezi minne.

Weusi wa tumboni ni damu iliyovilia chini ya ngozi mahali sindano ilipoingia, nao hautokani na dawa kuzidi bali mara nyingi na namna ya kuchoma. Mwambie akae au alale chali, achague upande wa tumbo ulio mbali na kitovu kwa upana wa vidole vitatu au zaidi, akunje ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, aingize sindano yote wima, asukume dawa taratibu, na asiuachie mkunjo hadi sindano itoke. Kile kipovu cha hewa kilichomo kwenye sindano iliyojazwa kiwandani asikitoe, na akishamaliza asisugue. Kusugua ndiko kunakofanya alama ndogo iwe kubwa kama sahani. Leo kulia, kesho kushoto. Tumbo likizidi kukaza anaweza kuhamia sehemu ya nje ya paja. Majirani nao wakimwona hata mara moja akijichoma mwenyewe, maneno yataisha.

Fizi za wajawazito hutoka damu hata pasipo dawa yoyote, kwa hiyo damu kidogo kwenye mswaki ambayo inakoma haraka haitishi peke yake. Kinachotisha ni damu ya pua isiyokoma baada ya kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 15, ameketi ameinamia mbele wala si kuelekeza kichwa nyuma. Mkojo wenye rangi ya damu au ya chai ya rangi. Weusi unaojitokeza mahali ambapo hakuchomwa. Kichwa kuuma ghafla kwa namna asiyoijua. Tumbo kuuma na kukakamaa. Na damu yoyote ya ukeni, hata iwe ya kupaka tu. Hapo nina tahadhari moja kuhusu choo cheusi. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki huvifanya vyoo vya karibu kila mjamzito kuwa vyeusi, na nimewahi kuona watu wakiacha dawa kwa sababu hiyo. Choo cha damu iliyotoka tumboni hunata kama lami, kina harufu kali isiyo ya kawaida, na mara nyingi huja pamoja na kizunguzungu. Akiwa na mashaka apimwe, asibahatishe.

Vilevile aombe picha kamili ya damu. Kuna tatizo lisilo la kawaida ambapo heparini husababisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, kushuka, hasa kati ya siku ya 5 na ya 14 tangu kuanza, na ajabu yake ni kwamba anayelipata haishii kuvuja damu bali huganda zaidi. Mkeo amevuka kipindi hicho, na enoksaparini huleta shida hiyo mara chache kuliko heparini ya kawaida, lakini kipimo ni rahisi na kitaonyesha pia kama wingi wa damu yake umepungua. Malaria nayo hushusha chembe sahani, kwa hiyo homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Jambo ambalo watu wa dukani hawalijui ni kwamba mtu anayetumia dawa hizi hafai kuchomwa sindano za kwenye msuli wa tako kama ile ya diklofenaki, kwa kuwa damu huweza kujaa ndani ya msuli, wala hafai kumeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini ya maumivu. Parasetamoli inatosha. Ikiwa malaria imekuwa kali, atesuneti hutolewa kwenye mshipa.

Kuhusu joto, enoksaparini haihitaji friji. Inahitaji isipite nyuzi 25 na isigande kwa baridi. Chini ya bati la Tabora wakati wa maembe, mchana joto hupita hapo kwa mbali. Tia sindano kwenye kopo kavu lenye mfuniko, liweke ndani ya chungu, chungu hicho kikae ndani ya kingine kikubwa na katikati yake pawe na mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni, penye kivuli na upepo. Usiziweke karibu na bani la kukaushia tumbaku.

Na fedha, ndugu yangu: nenda kabla ya wiki hiyo kuisha, si siku sindano ya mwisho inapokwisha. Hospitali ya mkoa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kumsikiliza mtu anayengoja mazao yauzwe. Mwulize pia daktari kuhusu heparini ya kawaida inayochomwa chini ya ngozi, ambayo mahali pengine hupatikana kwa bei nafuu zaidi, ila kubadilisha afanye yeye.

Mjamzito wa wafarini na zahanati ya mwambao

*Mimi ni mkunga katika zahanati iliyo mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma mjini. Amekuja mama wa wiki 35, mgeni hapa kwa wazazi wake, na kadi ya kliniki imeandikwa "wafarini" bila neno jingine. Boti si za kila siku, na upepo wa kusini ukivuma haziendi. Nimfanyie nini, na uchungu ukimwanzia hapa je?*

Mkunga mwenzetu, mpe rufaa leo, angali mzima na anatembea. Mama huyu amebakiwa na wiki moja kufikia siku ya kuacha wafarini, na kazi hiyo haiwezi kufanyika mahali pasipo na INR wala heparini. Akae mjini katika nyumba ya kusubiria wajawazito au kwa ndugu walio karibu na hospitali, na boti nzuri ya kwanza isimpite. Kabla hajaondoka, chukua kalamu nyekundu uandike juu ya kadi, mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuona: jina la dawa na miligramu zake, saa na tarehe alipomeza mara ya mwisho, kwa nini anaitumia, kundi la damu, na namba ya simu ya anayemfuatilia. Kadi yenye neno moja tu ni kama kutokuwa na kadi.

Uchungu ukianza akiwa bado kwenye wafarini, au akiwa ameiacha kwa muda usiofika wiki mbili, kuzaa kwa njia ya kawaida si salama kwa mtoto, kwa sababu ini lake changa huchelewa kuirudisha damu katika hali ya kuganda hata kama INR ya mama imekwisha kushuka, na kichwa kinapobanwa njiani ubongo unaweza kuvuja damu. Ndiyo maana hospitali humfanyia mama wa namna hiyo upasuaji. Kwa hiyo piga simu kwanza ili wajiandae na damu, weka mishipa miwili ya dripu, na mtafute usafiri wakati unaendelea na hayo. Mama akitoka damu ukeni usimpime kwa vidole hadi ijulikane kondo limekaa wapi.

Mtoto akiwahi kabla ya boti, kama ilivyo kawaida yao, usitumie kifaa cha kuvuta kichwa, usiongeze njia kwa mkasi isipokuwa hakuna namna, oksitosini itolewe taratibu kwenye mshipa badala ya msuli, na mkono wako usiondoke juu ya tumbo la mama mpaka mfuko wa uzazi uwe mgumu kama jiwe. Mtoto apewe vitamini K mapema na aangaliwe kitovu, weupe wa midomo na utosi. Mama naye asipewe vitamini K kwa kubahatisha ikiwa ana mlango wa chuma, kwa sababu dozi kubwa huifanya wafarini isimshike baadaye kwa siku nyingi; uliza kwa simu kwanza.

Kwa wale walio kwenye heparini mambo ni mepesi zaidi. Wafundishe kwamba uchungu ukianza, au chupa ikipasuka, wasichome sindano inayofuata hadi waonwe, na wakumbuke saa ya sindano ya mwisho. Mtaalamu wa ganzi atawauliza hilo kabla ya lolote jingine: kwa enoksaparini ya dozi ya kutibu huhitaji saa 24 zipite ndipo achome mgongoni, na kwa dozi ndogo ya kinga saa 12. Damu ikizidi hospitali wana protamini, ambayo huizima heparini ya kawaida karibu yote na enoksaparini kwa sehemu tu.

Mkwe wangu kakatazwa mboga, na sindano ni za nguruwe?

*Daktari, mimi ni mama wa Tabora mjini. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ana wiki moja tangu ajifungue. Alikuwa na damu iliyoganda mguuni wakati wa mimba. Juzi wamemwanzishia vidonge vya wafarini juu ya sindano, na kuna aliyemwambia asinyonyeshe, na asile kabisa mboga za majani. Sisi hapa bila mlenda na matembele ugali haushuki. Tena tumesikia sindano hizo zinatengenezwa kwa nguruwe, nasi ni Waislamu. Binti wa watu amekataa kuchomwa tangu jana. Namlaza ndani kama ada, hadi arobaini iishe.*

Shikamoo mama. Anyonyeshe bila wasiwasi. Wafarini haipiti kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto, na heparini vilevile. Wasiopaswa kunyonyesha, wala kuzitumia wakiwa na mimba, ni wale waliopewa vidonge vipya kama rivaroksabani na apiksabani, ambavyo yeye hatumii.

Mboga asiachishwe. Matembele, mchicha na kisamvu vina vitamini K, na vitamini hiyo huipinga wafarini. Lakini daktari hupanga dozi kwa kufuata chakula anachokula mtu. Kinachovuruga ni kukaa wiki nzima bila jani halafu kula sufuria kwa siku mbili. Mpikie kama alivyozoea, kiasi kilekile siku zote. Dawa za miti shamba za kusafisha tumbo ndizo ninazokuomba uziweke kando, na akiandikiwa metronidazoli au kotrimoksazoli amwambie daktari kwamba yuko kwenye wafarini, kwa sababu hizo huipandisha INR sana.

La nguruwe ni kweli, na sioni sababu ya kumficha mtu: heparini nyingi iliyoko sokoni hutolewa kwenye utando wa matumbo ya nguruwe, na enoksaparini hutengenezwa kutokana nayo. Wafarini hutengenezwa kwa kemikali, na ipo sindano nyingine, fondaparinuksi, isiyotokana na mnyama, ingawa ni ghali na haipatikani kirahisi. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Mwulizeni sheikh mwenye elimu kuhusu hukumu ya dharura, akirejea aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara, na mwambieni pia yale niliyoyaeleza hapa; lakini mwulizeni leo, kwa maana vidonge vya wafarini havianzi kufanya kazi kikamilifu kwa siku kadhaa, na sindano ndizo zinazomlinda hadi hapo. Zitaendelea kwa siku zisizopungua 5 na mpaka INR ifike 2 na kukaa hapo kwa siku nzima, kisha ataziacha. Amekaa bila sindano tangu jana, na vidonge ndiyo kwanza vimeanza, kwa hiyo hana kinga. Kama jibu la sheikh litachelewa, arudi Hospitali ya Kitete au popote alipojifungulia, awaeleze hivyohivyo bila haya.

Nakuomba radhi kwa la mwisho, mama, maana ni la ada. Wiki 6 baada ya kujifungua ndizo wiki ambazo damu huganda kuliko wakati mwingine wote wa uzazi, nazo ni karibu sawa na hiyo arobaini yako. Mpumzishe, mkande kwa maji ya moto, mpe uji, ila asilale siku nzima. Azunguke uani asubuhi na jioni na anywe maji ya kutosha. Dawa hataiacha siku arobaini inapotoka, ataiacha tarehe atakayopewa na daktari. Wakati huo aulize pia kuhusu uzazi wa mpango, kwani vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni havimfai tena mwanamke aliyewahi kuganda damu, wakati kijiti cha mkononi na kitanzi vinamfaa.